Watu wa Vitabu Mtandao Ulipokatwa

Mume wangu alikuwa akituita "bantu ya bitabu", kama mtu anavyowasema waumini wa kanisa la jirani ambalo hajaingia. Hakulisema kwa ubaya. Yeye ni mtoto wa Butembo, huko Kivu, kama mimi, mfanyabiashara wa jumla tangu ujana, na tulipofika Lubumbashi tukiwa maharusi tulifungua depo ya unga, sukari na mafuta nyuma ya soko. Machoni pake kitu kina kazi au hakina. Kitabu alikubali kina kazi. Ambacho hakukielewa ni kwa nini, kabla sijakisoma, ni lazima nikipige picha.

"Ile chai utakunywa?" aliniuliza siku moja. Alikuwa amenikuta nimeweka kikombe kando ya riwaya mpya juu ya gunia la sukari, na kuzunguka kikombe nimetandaza maua ya jakaranda niliyoyaokota barabarani.

"Apana. Imeshapoa."

"Sasa ulimupikia nani?"

"Kitabu."

Akakitazama kitabu, akanitazama mimi. "Bibi, kitabu hainywake chai."

Lakini alisogea pembeni ili kivuli chake kisiangukie picha yangu. Ndivyo alivyo.

Blogu niliianza wakati nikimnyonyesha mtoto wetu wa pili, kwa simu, nikiwa nimeegemea magunia. Niliandika Kifaransa nilipotaka kuonekana nimesoma, na Kiswahili nilipokuwa na la kusema kweli. Wageni walikuwa wengi na wapita njia, ila watu wawili tulisomana kila siku kama majirani wanavyosalimiana juu ya ua. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari huko Katuba. Wa pili alikuwa muuguzi wa Kamalondo, msichana wa familia ya Kikatoliki iliyotoka kaskazini, Kabalo, babu yake akiwa mfanyakazi wa reli. Sote watatu tulikaa mji mmoja, mwendo wa pikipiki kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na hatukuwa tumekutana hata mara moja. Nilizijua shuka za kitanda cha muuguzi, maana alipiga picha vitabu vyake juu yake. Nilikijua kidole gumba cha mwalimu. Sura zao sikuzijua.

Kila mmoja wetu alikuwa na mambo yake. Muuguzi alipanga vitabu kwa rangi, na kumwazima mtu kitabu chekundu kulimpa shida kwa sababu kiliacha pengo kati ya wekundu wenzake. Tena kitabu kilichowahi kusomwa na mtu mwingine hakukifungua mpaka akianike juani siku nzima. Aliandika kwamba ni kwa ajili ya kutoa macho ya msomaji wa kwanza. Nilimuuliza kama ana hakika macho hutoka kwa jua. Akajibu kwamba hospitalini wanaanika magodoro, na hakuna anayeuliza swali hilo.

Mimi nilisoma ukurasa wa mwisho kwanza. Sikuona haya kwa hilo. Nimekulia mahali ambapo watu walilala wakiwa na viatu tayari mlangoni, na napenda kujua nani atabaki hai kabla sijaanza kumpenda.

Tena nilikuwa na desturi ya kumpa mume wangu kitabu akisafiri na lori, akipige picha huko aendako. Kuna picha ya kitabu changu kwenye foleni ya malori mpakani Mokambo, nyingine juu ya uzio karibu na uwanja wa ndege wa Luano, nyingine juu ya kichuguu kirefu kuliko mtu. Alizipiga zote, na katika zote kitabu kiko mbali mno na jina halisomeki.

Mwalimu naye alitoa nyota. Sisi wengine tulitoa nyota nne au tano, tukamaliza. Yeye alitoa nyota nne kasoro robo, au tatu na sehemu tatu za nane. Tulidhani ni ugonjwa wa hesabu tu, hadi siku muuguzi alipomuuliza hadharani, chini ya maandishi yake, ameonaje yule kaka kurudi nyumbani katika sura ya mwisho ya riwaya fulani. Mwalimu akajibu kwamba ni jambo zuri. Muuguzi akaandika: "Hakuna kaka aliyerudi. Nilikuwa ninakupima tu." Ikawa vurugu. Mwishowe mwalimu alikiri kwamba hajawahi kusoma sura ya mwisho ya kitabu chochote.

"Na nyota unatoa namna gani?" niliandika.

"Nakata kipande cha nyota kinacholingana na sura ambayo sikusoma," akajibu. "Ni haki kabisa."

Tulimcheka wiki nzima. Sababu hakuisema, na sisi hatukuuliza.

Kisha mwaka ule ukaharibika. Kivu kulikuwa na vita, na kila mara simu ilipoita asubuhi mapema mume wangu aliishika kwa mikono miwili. Hapa kwetu uchaguzi ulikuwa umepita na matokeo yakibishaniwa. Mpaka ulifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua kwa nini, bei ziliruka, na kulikuwa na zile siku za mji uliokufa, mtu hafungui duka na barabara inabaki kwa mbwa na askari. Siku moja tulisikia risasi upande wa Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, si nyingi, lakini wamama wote wa sokoni waliokota bidhaa zao kwa pamoja kama upepo umezipiga.

Na asubuhi moja mtandao ukakatwa. Haukuwa umeme, kwani umeme ulikuwepo siku hiyo, jambo la kushangaza. Mtandao wenyewe ulizimwa nchi nzima. Simu za sauti zilipita kwa shida. Nilikaa deponi nikiigusa simu yangu kama mtu anayegusa pengo la jino lililong'olewa.

Mume wangu alikuwa ameondoka kabla ya hapo kwenda Kasenga kuchukua samaki. Kitabu changu kilikuwa kwenye lori, mbele, juu ya redio.

Muuguzi ndiye aliyefika kwanza. Nilikuwa nikipima unga nikasikia mtu amesimama mlangoni. Alikuwa msichana mwembamba mwenye gauni jeupe la kazi ndani ya koti la mvua, anatazama ukuta nyuma yangu.

"Yaya," akasema, yaani dada mkubwa, "minajua huu ukuta."

Ukuta wetu ni wa buluu, umebanduka rangi pembeni kwa umbo linalofanana na sikio. Ulikuwa katika picha zangu zote. Alikuwa amezunguka soko lote akitafuta sikio.

Tulikumbatiana kama ndugu waliopoteana, unga ukabaki kwenye koti lake. Kisha tukaona haya kidogo, maana hatukujua tuseme nini kwa midomo. Akaniuliza ninasoma nini. Hapo ndipo tukaanza, na wateja wakajipimia wenyewe.

Mwalimu alikuja siku iliyofuata, naye kwa kuutafuta ukuta. Shule zilikuwa zimefungwa. Mtu mnene kidogo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi, na mkononi ana karatasi za kufanyia mtihani zilizoandikwa pande zote mbili. Alimsalimia muuguzi, akanisalimia mimi, akasema: "Bamama, musinicheke. Niliandika juu ya kitabu, na hakuna mahali pa kuiweka. Inanisumbua mu kichwa."

"Tuiweke hapa," nikasema.

Tukakoroga unga na maji ya moto, tukabandika karatasi zake kwenye ukuta wa nje wa depo, chini ya ukingo wa bati ili mvua isizifikie. Kesho yake muuguzi akaleta zake, na mimi nikaandika zangu. Mwalimu alisimama mbele ya karatasi yangu, akasoma hadi chini, akatoa kalamu na kuchora moyo mdogo pembeni. Muuguzi akachora wa kwake. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia mioyo ya simu.

Watu walianza kusimama. Siku zile hakukuwa na la kusoma mjini isipokuwa uvumi. Madereva walisoma, wauza mkaa walisoma, mama mmoja wa kuuza fumbwa, yale majani ya mboga ya porini, alikuwa akisomewa na jirani yake huku anatikisa kichwa. Nao wakaandika chini, kama mtandaoni. Mmoja aliandika kwamba mwanamke wa kitabu kile alikosea kumsamehe mumewe. Mwingine akamjibu kwamba hajaoa, angejua nini. Wa tatu akauliza kama sukari imefika.

Katikati ya furaha hiyo simu ya mume wangu iliingia mara moja tu. "Niko Kasomeno, mu njia ya kurudia," alisema, "barabara..." na sauti ikakatika. Nilipiga tena na tena bila kumpata.

Baada ya hapo yakaja maneno ya sokoni. Kwamba daraja limeondoka na maji. Kwamba watu wenye silaha wametoka porini upande ule. Kwamba malori yamechomwa, la, hayakuchomwa, yamerudishwa Kasenga. Kila aliyenunua sukari aliniachia neno lake moja. Nilifunga vitabu vyote. Mimi niliyezoea kufungua mwisho kwanza, sasa nilikuwa katikati ya jambo lisilo na ukurasa wa kuchungulia.

Marafiki zangu hawakunipa maneno ya kufariji. Walikuja tu. Muuguzi alitoka zamu akaja moja kwa moja, akaanza kupanga makopo yetu ya nyanya na maziwa kwa rangi, bila kuniuliza. Kisha akaosha watoto, akasonga bukari, ugali wetu. Mwalimu alikaa kwenye debe la mafuta lililogeuzwa. Siku ya pili alileta riwaya nene, akasema: "Kama hauweze kusoma, sikiliza."

"Anza na mwisho," nikasema.

Akashtuka kama nimemwambia avue nguo. "Mama, mwisho mi siusomake. Nitasoma mpaka karibu na mwisho."

"Basi usianze kabisa. Mi sitaweza kukaa na watu nisiojua watafika wapi."

"Na mi sitaweza..."

"Munyamaze bote," alisema muuguzi, mwiko wa bukari mkononi. "Tutasoma kama bantu bote. Mwanzo, katikati, mwisho. Yaya hatachungulia, na Prof hatakimbia."

Mwalimu akasoma. Kilikuwa kisa cha mjane anayepika sabuni katika mji mmoja wa ziwani, na binti zake watatu wasioelewana. Alikuwa na sauti nzuri ya darasani, na kila binti alimpa sauti yake, ya yule mkubwa nyembamba kiasi kwamba watoto wangu walijiviringisha kwa kicheko. Wateja walikaa. Mvua ilipopiga bati tulisubiri ipungue. Mara mbili niliunyoosha mkono kwenye kurasa za nyuma, na mara mbili muuguzi alinipiga kidogo kwenye kiganja. Saa zile za kusoma zilipita bila mimi kusikiliza barabara, na hilo ndilo nililolihitaji, hata kama sikujua kuliomba.

Tulipofika mahali ambapo binti mdogo anapanda mashua kumfuata mama yake hospitalini, mwalimu alifunga kitabu. Akavua miwani, akaifuta.

"Endelea," nikasema.

"Imebakia sura moja."

"Endelea, Prof."

"Mama, samahani."

Hasira ilinipanda ambayo si yake. "Bwana yangu iko ku Kasomeno na sijue kama iko muzima," nilisema. "Kila siku nalala na mlango wazi mu kichwa. Usiniachie mwingine. Huu funga."

Akakiweka kitabu mapajani. Wateja wakatazama chini. Kisha akatueleza, taratibu, kama anayefanya hesabu ubaoni. Alipokuwa mtoto, huko kaskazini, vita viliingia kijiji chao mchana. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba na kitabu alichoazimwa na padri, imebaki sura moja. Walikimbia, kitabu kikabaki juu ya kiti. Nyumba ilichomwa, waliambiwa baadaye, na hawakurudi tena. "Lakini mi nilisema, bale bantu ya mu kitabu, sikuwasoma mpaka mwisho, basi bangali mule. Na nyumba ingali pale, na kiti. Nikaendelea hivyo, na kitabu kingine, na kingine. Najua ni upumbavu. Miko mwalimu wa hesabu."

Muuguzi alimletea maji. Aliyanywa yote, akavaa miwani, akafungua sura ya mwisho, akaisoma kwa sauti ileile ya darasani.

Naomba niseme ukweli: ilikuwa sura mbaya. Mama alipona ghafla, mchumba tajiri akatokea ambaye hatukuwahi kumsikia, mabinti wakakumbatiana, kwisha. Mwalimu aligeuza ukurasa akidhani kuna kingine. Akautazama ukurasa mtupu.

"Ni hivi tu?" akauliza.

Muuguzi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mama wa fumbwa, kisha mimi, na nilicheka hadi machozi yaliyokuwa yamekwama yakapata njia. "Miaka yote," alikuwa akisema mwalimu, "miaka yote nilikuwa naogopa hii?" Akakata nyota nzima, akaiandika ukutani kwa herufi kubwa.

Mume wangu alirudi asubuhi ya kawaida. Nilikuwa nikipimia mama mmoja maharagwe, tunabishana kuhusu kopo, nikasikia harufu ya samaki kabla ya kusikia honi. Lori lilikuwa tope hadi kwenye kioo. Akashuka na ndevu, mnene kuliko alivyoondoka. Maharagwe yalimwagika, na yule mama ndiye aliyeyaokota.

Daraja kweli lilikuwa limefunikwa na maji, na askari walifunga barabara kwa sababu za askari. Alikaa Kasomeno kwa mfanyabiashara mwenzake wa kwetu, anakula samaki wa kukaanga na kusubiri. Alisimulia yote hayo kwa haraka, kama mtu anayesafisha meza ili aweke kitu chenyewe. Kisha akaingia ndani ya lori, akatoa kitabu changu.

"Bibi, huyu mwanaume wa humu ndani. Juu ya nini hakurudia kwake? Bibi yake anamungojea, barabara iko wazi, hakuna maji, hakuna askari. Juu ya nini?"

"Ulikisoma?"

"Sasa ningefanya nini kingine? Nilibasomea na bale badereva. Tulikasirika bote."

Nilikishika. Kila ukurasa wa pili ulikuwa umekunjwa pembe, mafuta ya samaki yamepita kutoka jalada hadi jalada, na kati ya kurasa kulikuwa na mwiba. Muuguzi, alipokiona jioni ile, aliweka mkono kifuani. Alikianika juani, akakigeuza kama mtu anayeanika muhogo, akakianika tena. Macho ya badereva labda yalitoka, harufu haikutoka. Hadi leo hakiruhusiwi kuvuka mlango wake wa Kamalondo, ingawa ni cha kijani, na kijani chake ni kichache.

Mtandao uliporudi tulikuwa tunakula kwa kina muuguzi, Kamalondo, Jumapili baada ya misa, baba yake, naye mstaafu wa reli kama babu, akigawa sombe, kisamvu chetu. Simu zote zikalia kwa pamoja ndani ya mikoba, zikaendelea kulia kama kuku waliofunguliwa. Tuliandika, bila shaka, jioni ile ile; watu kama sisi hatuponi. Lakini tulibaki na desturi ya kukutana, na ukuta tuliuacha mpaka karatasi zilipoliwa na mvua za upepo, na wateja wakadai tubandike nyingine.

Mengine hayakutengenea haraka. Vita vya Kivu viliendelea, na shemeji zangu walishuka kutoka Butembo na watoto wao, nyumba ikajaa hadi koridoni. Vitabu vyangu vilihamia juu ya kabati, na watoto wa wageni walivitumia kama ngazi kufikia sukari. Nilisoma nimesimama, nikikoroga sufuria. Ulikuwa wakati mgumu, na nilikuwa na furaha kuliko miaka ya depo kimya.

Mwezi uliopita alikuja deponi msichana wa Ruashi aliyeona ukuta. Alitaka kufungua blogu yake. Alikuwa na kitabu kimoja, simu yenye kioo kilichopasuka, na swali: aanze na nini?

"Mwanga," alisema muuguzi. "Piga picha asubuhi, kabla jua halijakuwa kali."

"Mizani ya nyota," alisema mwalimu wakati huohuo. "Bila mizani ni kelele tu."

Mume wangu akatoa kichwa nyuma ya magunia akasema kwanza asome kitabu chenyewe. Wote wawili wakamgeukia, wakaanza kumweleza, na msichana akakaa kwenye debe lililogeuzwa, akisikiliza upande huu na ule. Mlangoni palikuwa na mteja anasubiri nusu gunia ya sukari. Nikawaacha na mabishano yao, nikaenda kumpimia.